Kabla ya kuongeza farasi, pimeni shokapu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa magari na pikipiki unaotoka kila Jumamosi katika gazeti lako huwa nauanza kabla ya siasa na kabla ya mpira, na nikiumaliza vijana wa gereji yangu hapa Unga Limited wanaupokezana mpaka unachafuka grisi. Jambo linalonisumbua ni kwamba ukurasa huo ni injini tupu: cc ngapi, farasi wangapi, spidi ya mwisho ngapi. Shokapu zinapata mstari mmoja mwishoni, au hazitajwi kabisa. Na wateja wanaoniletea pikipiki za kati, yaani hizi za cc 500 mpaka 700 zinazozidi kuonekana barabara ya Namanga na ya Karatu, wanaingia getini na hesabu hiyohiyo. Tukishasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, linalofuata ni: “Fundi, nataka uiongezee nguvu.”

Kazi hii niliianza enzi za Yamaha DT na Honda XL za mabwana shamba na watu wa miradi, na ninachokisema hapa nakiamini kwa moyo wote. Mwenye pikipiki ya kati akipata fedha ya kuiboresha, aipeleke kwenye shokapu kwanza. Injini isubiri. Wengi wakishamaliza shokapu wataona ile hamu ya nguvu imepungua yenyewe, kwa sababu walichokuwa wanakikosa si nguvu.

Nichukue mfano wa Suzuki V-Strom 650, kwa kuwa ndiyo ninayoifungua mara nyingi kuliko nyingine. Injini yake asili yake ni ya SV650, pikipiki nyingine ya Suzuki iliyotoka mwaka 1999: silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, nyuzi 90, cc 645. V-Strom yenyewe ilitoka mwaka 2004, injini ikiwa imerekebishwa ivute vizuri zaidi kwenye mizunguko ya chini na ya kati. Toleo la 2012 linatoa farasi 69 hivi, na pikipiki ikiwa na tangi lililojaa ina kilo 214. Ni injini ngumu, haina makuu, na mtu akiitunza itamzeesha yeye kwanza.

Sasa tuhesabu hiyo nguvu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa yenyewe, isiyo na turbo ya kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Maana yake ile V-Strom ya farasi 69 ikiwa hapa mjini inafanya kazi na farasi 60 au pungufu kidogo. Kumi hivi wamebaki pwani. Mteja akinunua ekzosi nzima ya kutoka nje, akaweka filta ya kupitisha hewa zaidi na kompyuta ya mafuta ikarekebishwa ilingane navyo, kwa injini hii atapata farasi watatu au wanne, mambo yakienda vizuri sana watano. Akiteremka Tanga kwa wikiendi na pikipiki ambayo haijaguswa anapata zaidi ya hapo bila kulipa mtu. Huwa nawaeleza wateja hesabu hii kabla hawajatoa shilingi, na nasikitika kuona gereji nyingine zinapokea fedha bila kuwaeleza.

Halafu kuna nguvu iliyokwishalipiwa na ambayo mwenye pikipiki haipati. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la Longido. Cheni kavu iliyolegea upande mmoja na kubana upande mwingine. Plagi zilizochoka. Vali ambazo kitabu cha Suzuki kinasema zikaguliwe kila kilomita 24,000, na wanaonunua pikipiki iliyotumika hawajui kama zilishawahi kukaguliwa. Vali ikibana, haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na injini inachoka taratibu kiasi kwamba mwenyewe hagundui. Nimeziona pikipiki zimevikwa ekzosi inayong'aa huku filta ndani ni tope. Kurudisha kilichopotea ni kazi ya siku moja, na tofauti yake mtu anaihisi kabla hajafika Kisongo.

Najua atakayenijibu atasema nguvu inaokoa maisha unapolipita lori. Ni hoja ya kweli, nami nimekaa nyuma ya malori ya Segera kama wengine. Lakini angalia mizunguko. Injini hii inatoa mvuto wake mkubwa, Nm 60 hivi (Nm ni kipimo cha mvuto), ikiwa kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika. Mtu yuko gia ya sita, mizunguko 4,000, anafungua mafuta, pikipiki inajikongoja, anasema haina nguvu. Mdogo wangu, shusha gia mbili! Na kama safari zako ni za milima na mizigo, kuna dawa ya bei ndogo: sproketi ya mbele ya V-Strom ina meno 15, weka ya meno 14. Msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia saba katika kila gia. Utalipa kwa mizunguko kuwa juu zaidi ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, na mafuta kuongezeka kidogo. Hiyo pekee inazidi ekzosi.

Habari ya kuchonga silinda, kuweka pistoni za mgandamizo mkubwa na kamshafti kali sitaizungumzia sana. Ni kazi ya watu wa mashindano, wenye mafuta ya uhakika na wanaokubali kufungua injini kila msimu. Kwa mtu anayetoka Arusha kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa, ni kununua joto na wasiwasi.

Turudi kwenye shokapu, maana ndiko nilikotaka kufika.

Miguu ya mbele ya pikipiki nyingi za kati, na hata za bodaboda zetu zote, ni ya aina moja: ndani ya kila mguu kuna springi, mafuta, na fimbo yenye matundu. Tairi likipanda tuta, mguu unajikunja na mafuta yanalazimika kupita kwenye matundu yale. Ni sawa na bomba la sindano: ukisukuma polepole dawa inatoka bila shida, ukisukuma kwa haraka mkono unagoma. Na ugumu huo hauongezeki kwa uwiano wa kawaida. Kasi ya mguu kujikunja ikizidi mara mbili, upinzani wa mafuta kwenye tundu unazidi mara nne. Ikizidi mara tatu, upinzani ni mara tisa. Hapo ndipo pana tatizo lote. Ukifunga breki, mguu unajikunja polepole, mafuta yanapita bila kuzuiwa, na mbele inazama mpaka chini. Ukigonga ncha ya shimo au rasta za kabla ya shule, mguu unatakiwa ujikunje kwa kasi sana, mafuta yanagoma, na pigo lote linakwenda kwenye mabega yako na kwenye rimu. Shokapu ileile ni laini mno pale inapotakiwa kuwa ngumu, na ngumu mno pale inapotakiwa kuwa laini.

Mafundi wetu wengi wakiona pikipiki inazama mbele wanaweka oili nzito, hata ile ya injini namba 40. Nawaheshimu, ni watu wanaotafuta riziki kwa vifaa walivyonavyo, lakini dawa hii inaumiza. Kuzama kunapungua kidogo tu, maana anayebeba uzito wa pikipiki ni springi, si mafuta. Kinachoongezeka ni yale mapigo makali, na kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo tairi linarukaruka badala ya kukanyaga. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Ikiwa pikipiki ina ABS, yaani breki za kompyuta zinazozuia tairi lisikwame, hali ni mbaya zaidi: kompyuta inaona tairi limesimama kila linaporuka, inaachia breki, na mtu anapita mahali alipotaka kusimama.

Kwa hiyo tunaanza na springi, na springi inachaguliwa kwa kilo za mpandaji. Hili halifanyiki kwetu hata kidogo. Ukienda kununua viatu utaulizwa namba, lakini hakuna duka la spea ambapo nimemsikia mtu akiulizwa uzito wake kabla ya kuuziwa springi. Kiwanda kinaweka springi ya kumridhisha mtu wa wastani, bila mizigo, na kwa pikipiki za bei ya kati mara nyingi inakuwa laini. Mpande mtu wa kilo 95, mkewe nyuma, masanduku matatu, na uwapeleke Loliondo: shokapu imekwishalala karibu nusu hata kabla ya tuta la kwanza.

Kupima ni rahisi na kila msomaji anaweza kufanya nyumbani akiwa na watu wawili wa kumsaidia. Funga kile kikamba cha plastiki cha kubania nyaya kwenye bomba linaloteleza la mguu wa mbele, ukisogeze mpaka kiguse sili. Panda na nguo zako za safari na mizigo yako, wenzako wakushikilie pikipiki ikiwa wima; sili itakisukuma kikamba juu. Kisha shuka taratibu, wenzako wainyanyue pikipiki mpaka tairi la mbele liachane na ardhi na mguu unyooke wote. Hapo pima umbali wa kikamba mpaka kwenye sili. Umbali huo ndio shokapu ilivyolala kwa uzito wako. Kwa pikipiki ya safari yenye urefu wa mchezo wa milimita 150, kama V-Strom, nataka kuona 40 mpaka 50. Nyuma pima kutoka ekseli ya tairi mpaka alama utakayoweka kwenye mkia, kwanza tairi likiwa hewani, kisha ukiwa umepanda; tofauti ya vipimo hivyo ndiyo shokapu ilivyolala.

Mwaka jana alikuja mhasibu mmoja wa kampuni ya utalii, V-Strom yake safi, fedha ya ekzosi anayo mkononi. Nikamwomba apande, nikapima: mbele milimita 62, nyuma mbaya zaidi. Nikamwonyesha rula. Hakufurahi, maana alishaichagua ekzosi kwenye simu. Lakini ni mtu wa hesabu, akakaa, akasikiliza. Akaniambia basi nikaze tu zile skrubu za juu ya miguu. Hili nalo linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu karibu kila mtu analiamini: kukaza ile skrubu hakuifanyi springi iwe ngumu. Kunainua pikipiki tu. Springi ya 0.7 itabaki ya 0.7, yaani kila uzito wa gramu 700 unaikunja milimita moja, hata ukikaza mpaka mwisho. Ukitaka ngumu, unabadilisha springi yenyewe.

Tukaagiza springi za mbele za kilo zake, na shokapu ya nyuma tukaifungua. Ndani mafuta yalikuwa maji meusi na gesi ya naitrojeni imekwisha. Shokapu ya namna hiyo haizuii kitu; springi inaruka peke yake inavyotaka, na mtu anahisi pikipiki inayumba bila kujua sababu. Beringi za viungo vya chini, vile vinavyounganisha shokapu na mkono wa tairi la nyuma, zilikuwa kavu na mbili zimeshika kutu. Tulibadilisha beringi, tukaweka springi ya nyuma inayolingana na watu wawili, mafuta mapya, gesi mpya. Mbele nikaongeza na zile vali ndogo ziitwazo emuleta, ambazo zilipata umaarufu kupitia kampuni ya Race Tech ya Marekani. Zinakaa juu ya ile fimbo. Unatoboa matundu ya chini ya fimbo yawe makubwa ili yasizuie tena, na kazi ya kuzuia mafuta inachukuliwa na vali yenye springi yake ndogo inayofunguka pigo likiwa kali. Kuzama kwenye breki kunapungua na rasta hazikuvunji viganja. Onyo: fimbo ikishatobolewa haiwezi kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo kazi hii afanye aliyewahi kuiona ikifanywa.

Tukarekebisha na upepo wa tairi, 33 mbele na 36 nyuma akiwa peke yake, kwa sababu alikuwa anatembea na 25 bila kujua.

Alipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu wiki ileile. Aliniambia kwamba zamani kona zile za kupanda alikuwa anaachia mafuta katikati kwa sababu pikipiki ilikuwa inapanuka kwenda upande wa pili wa barabara, na ndipo aliposhawishika kwamba haina nguvu. Sasa anafungua mafuta mapema, inafuata mstari. Mkewe, aliyekuwa amekataa kupanda tena kwa ajili ya mgongo, anapanda. Ekzosi hakununua.

Wala haya si mawazo ya fundi mmoja wa Arusha. Yamaha ilitoa MT-07 mwaka 2014, injini ya cc 689 iliyosifiwa na kila aliyeipanda. Ilipoifanyia marekebisho mwaka 2018, injini iliachwa ilivyo na springi za mbele na nyuma zikaongezwa ugumu. Uingereza kuna mashindano ya SV650 ambayo injini zinabanwa na kanuni zibaki karibu na za kiwandani. Shindano linaamuliwa na mpandaji, tairi na kilichomo ndani ya shokapu. Na wenye SV650 wa Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi, wamekuwa wakitoa miguu ya mbele ya GSX-R, pikipiki ya mbio ya Suzuki, iliyopata ajali na kuifunga kwenye pikipiki zao. Wanaijua injini yao ni nzuri. Wanakwenda kurekebisha palipo dhaifu.

Bei? Springi za mbele peke yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ekzosi nzima. Shokapu mpya ya nyuma ni ghali, hasa Öhlins ya Sweden. YSS ya Thailand ni nafuu zaidi na kwa barabara zetu inatosha kabisa. Asiye na fedha hata ya springi aanze na mafuta mapya ya shokapu na sili mpya. Watu wanabadilisha oili ya injini kwa uaminifu, lakini ya shokapu inakaa humo tangu kiwandani.

Sili zinazovuja nazo nazitaja kwa uchungu. Mafuta yakishuka kwenye mguu yanafika kwenye diski ya breki na pedi. Pedi iliyolowa mafuta haishiki. Naona pikipiki kubwa na za bodaboda zikipita kila siku na miguu inayong'aa mafuta, abiria nyuma, mtoto katikati. Askari wa usalama barabarani wanakagua leseni, bima, taa na kofia, na wanafanya vyema. Nawaomba waongeze jambo moja lisilochukua hata nusu dakika: wapitishe kidole kwenye mguu wa mbele.

Kwa wenye maduka ya spea wa Arusha, Moshi na Dar es Salaam, ombi langu ni kwamba waagize springi za namba mbalimbali, na wauzaji wamuulize mteja kilo zake bila aibu. Soko lipo. Wenye bodaboda wanaobeba magunia ya mkaa wamekuwa wakiongeza springi za kubahatisha nyuma na vipande vya bomba la maji mbele, jambo linaloonyesha kwamba hitaji wanalihisi kila siku na kinachokosekana ni kifaa sahihi. Vyuo vya ufundi navyo, vijana wanaotoka huko wanakuja kwangu wakijua kushusha injini na kuirudisha, na nawapongeza walimu wao, lakini wengi hawajawahi kuufungua mguu wa shokapu ukawekwa mezani vipande vyake vyote. Wapewe hata wiki mbili za somo hilo.

Na ninyi gazetini, kila mnapojaribu pikipiki andikeni mpandaji alikuwa na kilo ngapi, shokapu ililala milimita ngapi, na ilifanya nini kwenye tuta akiwa na abiria. Msomaji anayetaka kununua atajua mengi zaidi kwa namba hizo tatu kuliko kwa spidi ya mwisho ambayo hataifikia kamwe kisheria. Mkihitaji picha za ndani ya mguu wa mbele, leteni mpiga picha Jumamosi yoyote mchana. Nina mguu mmoja wa V-Strom nilioukata kwa urefu kwa ajili ya kuwafundishia vijana, na fimbo, matundu na springi vyote vinaonekana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa pikipiki,
Unga Limited, Arusha